Mashine tatu za presha, ngazi ileile mbovu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nitakayoyasema yananihusu na mimi, sijitoi.

Mama yetu ana miaka 78. Anaishi Ngamiani, Tanga mjini, kwenye nyumba ya vyumba sita aliyoijenga marehemu baba: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, jiko na choo uani. Watoto tuko watano. Kaka mkubwa yuko Dar es Salaam, dada yuko Muscat, anayemfuata yuko Handeni, mimi niko Makorora, na kitinda mimba wetu anaendesha bodaboda hapahapa mjini.

Masika yaliyopita Mama aliteleza usiku akienda chooni. Kutoka ukumbini kushukia uani kuna ngazi moja ya saruji, imemeguka ukingo tangu baba yu hai. Hakuvunjika nyonga, alhamdulillahi, ni kifundo cha mkono. Lakini mvua juu ya bati ilimeza sauti yake, akakaa pale majini mpaka mpangaji wa chumba cha mbele alipotoka alfajiri kutia udhu.

Basi kundi letu la WhatsApp likawaka. Pole Mama, Mungu akupe shifaa, tutalifanyia kazi. Mwezi haujaisha, Mama alikuwa na mashine tatu za kupimia presha: ya Dar ilikuja kwa basi, ya Muscat ililetwa na msafiri, ya tatu nilinunua mimi. Kaka alituma hela ya saruji. Dada naye akatuma hela ya saruji. Mfuko ukanunuliwa, ukashushwa ukumbini, kila mtu akijua mwenzake ameshamwita fundi. Kwa unyevu wa Tanga, mfuko ule uliganda ukawa jiwe, na Mama, mkono kwenye plasta, akawa anauzunguka kila akienda uani. Tulimwongezea kikwazo kwa mapenzi yetu.

Aliyetuzindua ni yule mpangaji. "Dada, nyie mnaongea sana kwenye simu. Njoo ulale hapa siku moja umwone mama yako anavyokwenda."

Nikalala. Saa tisa usiku Mama aliamka, akasimama papo hapo, akayumba, akashika ukuta. (Anakunywa dawa za presha, na dawa hizo zinaweza kumpa mtu kizunguzungu akiinuka ghafla.) Akavaa ndala zilizolika visigino. Mkono mzima kashika ndoo ndogo ya maji, mkono wa plasta kaibana simu ya tochi kifuani, ncha ya khanga kaiuma kwa meno. Ile ngazi ni rangi moja na sakafu, na yeye ana mtoto wa jicho. Kwake pale ni tambarare. Sisi mwezi mzima tulikuwa tunabishania bei ya chuma cha kushikia ukutani. Angekishika kwa mkono upi?

Asubuhi nikamuuliza mwenyewe anataka nini, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Chuma hakukitaja. Alitaka pipa la maji na kopo vikae humohumo chooni, na taa ya uani ambayo umeme wa LUKU ukiisha haizimiki.

Nikachukua daftari. Kila kazi nikaiandikia jina moja, si mawili, na siku ya kuimaliza. Mdogo wetu amlete fundi na asimame naye mpaka ngazi izibwe, ukingo upakwe rangi nyeupe. Dada wa Muscat pipa na taa ya sola, hela iende dukani moja kwa moja. Wa Handeni ndala zenye mkanda wa nyuma. Mpangaji tukampunguzia kodi, naye kila Ijumaa anasugua ule utelezi wa kijani wa uani kwa brashi ngumu. Kaka mkubwa ndiye aliyesumbua. Amezoea kuamuru kutoka mbali, kupangiwa kazi na mdogo wake wa kike hakukumwingia. Nikampa ya kumpigia Mama kila jioni, amuulize dawa, amkumbushe kukaa kwanza kitandani kabla hajasimama. Alinuna wiki nzima. Siku hizi ndiye anayetuambia sisi Mama kaamkaje.

Chuma kilifungwa mwisho, Mama alipokuwa na mkono mtupu wa kukishika.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilihesabu uzee kuanzia miaka 60, na matunzo iliyaweka kwanza mikononi mwa familia. Sawa. Ila familia ni watu watano wanaongojeana. Ndiyo maana, Mhariri, tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, ningependa gazeti lako lipunguze zile picha za kukabidhi sabuni na khanga, limtume mwandishi na mpiga picha uani kwa mzee mmoja usiku, wamfuate mpaka chooni mlangoni.

Ule mfuko ulioganda, kwenye daftari uliandikiwa jina langu. Nilipokwenda na toroli kuutoa, Mama akakataa. Mdogo wetu ameshausogeza ukutani, yeye ameutandikia mkeka, na ndipo anapokaa akivaa ndala zake.

Mtoto wa nne,
Makorora, Tanga