Wenye maduka ya nguo, tuziangalie taa zetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wenye fremu ndogo, hasa sisi wauza nguo.

Ninauza kanga na vitenge Ngamiani, hapa Tanga. Mwaka jana mteja wa Korogwe alitaka sare ya harusi ya mdogo wake, doti 14. Nikapiga picha dukani saa mbili usiku, nikamtumia kwa WhatsApp. Akaipenda, akalipa. Mzigo ulipofika akanipigia simu: "Dada, mimi nimeagiza kahawia, umeniletea damu ya mzee." Nikaifungua tena ile picha. Kweli, ilikuwa kahawia tupu. Sikukusudia kumdanganya, lakini yeye angejuaje? Nilimrudishia fedha zote na nauli ya mzigo. Harusi ilikuwa imebakiza siku nne, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Aliyenifumbua macho ni fundi cherehani wa fremu ya jirani. Kila akitaka kuchagua uzi hubeba kitambaa mpaka barazani, akalaza nyuzi mbili tatu juu yake, akaangalia, ndipo arudi kwenye cherehani. Nilipomuuliza akasema taa ya ndani humdanganya, hasa kwenye nyekundu. Miaka tisa namwona akitoka na kuingia, wala sikuwahi kujiuliza.

Taa nyingi za LED za bei rahisi zina mwanga unaoelekea bluu na wekundu kidogo sana. Nguo nyekundu iliyoiva ikimulikwa na taa isiyo na wekundu wa kutosha, inafifia na kuwa kama kahawa. Tazameni boksi kabla ya kulipa. Namba yenye K hueleza rangi ya mwanga: 2700 ni wa manjano, 6500 ni wa kibluu, na 4000 iko katikati. Namba ya pili huandikwa CRI au Ra. Hiyo ndiyo inayoeleza taa inazionyesha rangi kwa ukweli kiasi gani, na mwisho wake ni 100. Mimi sasa nafunga za 4000 zenye CRI 90. Boksi lisilo na namba hiyo nalirudisha. Bei iko juu, sikatai, ila wati ni zilezile na Luku yangu haijabadilika.

Nilihamisha na mahali pa taa. Zamani ilikuwa katikati ya dari, nyuma ya mteja, kwa hiyo kivuli chake mwenyewe kilikuwa kinaangukia nguo anayoichagua. Sasa ziko mbili mbele ya shelfu, zimeelekezwa kwenye kanga.

Picha sipigi tena usiku. Napiga asubuhi mlangoni, kivulini, kabla jua halijaingia barazani, na taa za ndani nazizima, maana simu ikipata mianga miwili ya rangi tofauti inachanganyikiwa. Flashi situmii. Kioo cha kamera nakifuta kwanza. Picha moja inaonyesha doti nzima, pindo na mji. Ya pili naisogelea mpaka jina la kanga lisomeke, kwa sababu kuna wateja wanaonunua jina kabla ya rangi. Tangu nianze hivi sijarudishiwa mzigo kwa sababu ya rangi, na wateja wa Muheza na Pangani wanaagiza bila kuja kuona.

Wapo wanaoongeza rangi kwenye simu mpaka kanga inawaka, na wapo wauza nyama wanaofunga taa nyekundu ili nyama ya jana ionekane mbichi. China ilipiga marufuku taa za namna hiyo tangu Desemba 2023. Naomba tusiufuate mwendo huo. Mteja anapofungua mzigo akakuta alichokiona, kesho anamleta dada yake.

Na wale wanaoendesha mafunzo ya vikundi vya mikopo ya halmashauri, tafadhali tengeni hata saa moja ya mwanga na picha, pamoja na kuandika vitabu vya hesabu.

Aliye Tanga na hajaniamini, aje na doti yake. Taa yangu ya zamani sikuitupa; tutaiwasha, kisha tuwashe mpya, aangalie mwenyewe.

Muuza kanga,
Ngamiani, Tanga