Watafiti, rudisheni majibu kwa aliyewashikia ng'ombe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaofanya utafiti wa magonjwa ya mifugo huku kwetu Pangani. Mkija kuchukua damu ya ng'ombe, kuna kijana anayemshika. Mradi ukiisha, naye apewe majibu.

Mpwa wangu ni binti wa kidato cha pili. Mtamba wao aliingizwa kwenye utafiti wa nagana, ugonjwa wa vimelea vya damu unaoenezwa na inzi aitwaye mbung'o, akavishwa hereni ya namba. Watafiti walimwita kwa namba hiyo, binti anamwita Malkia. Kila walipokuja, yeye ndiye aliyemsemesha na kumtuliza mpaka damu ikatoka kwenye mshipa wa sikio, kwa sababu Malkia hakubali mkono wa mgeni. Shemeji yangu alijaribu siku moja, akakanyagwa mguu. Aliyoyatamka hayafai gazetini.

Binti huyu alikuwa wa kwanza kung'amua mnyama akiugua: manyoya yamesimama, macho yanatoa machozi, kundi likienda malishoni yeye anabaki nyuma. Akawauliza wageni wanatafuta nini kwenye damu kidogo namna ile. Mmoja wao, Mungu ambariki, alikaa akamweleza. Damu inatiwa kwenye kijibomba chembamba cha kioo, inazungushwa kwa kasi kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zinajitenga chini, kisha wanapima zimechukua sehemu gani ya damu yote. Zikiwa chini ya asilimia 25, ng'ombe amepungukiwa damu. Vimelea vyenyewe hutafutwa kwa darubini. Tangu siku hiyo habari ni moja tu: anataka kusomea udaktari wa mifugo.

Mradi ukaisha, magari hayakuonekana tena. Je, Malkia alikuwa na vimelea? Binti ananiuliza mimi, mjomba mtu, ninayejua kuvua tu.

Mkoa wetu si mgeni wa shughuli hii. Ranchi ya Mkwaja ilihangaishwa na mbung'o miaka nenda rudi, ikafungwa mwaka 2000, na ardhi yake sasa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Na Tanga mjini ndiko walikozalishwa mbung'o wa kiume waliohasiwa kwa mionzi, wakaachiwa Unguja kwa mamilioni kuanzia 1994. Majike wa porini waliopandwa nao hawakuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa kule mwaka 1996. Ni ushindi mkubwa, na wadudu wale walilelewa kwa damu ya ng'ombe. Sayansi hii inategemea mifugo na watu wanaoishi nayo, kwa hiyo sioni kwa nini habari ziishie ofisini.

Najua nitaambiwa ni mapenzi ya kitoto, ng'ombe ni ng'ombe. Binti amekulia kwenye mifugo, kisu cha Idi anakijua. Hajaomba Malkia asichomwe sindano. Wengine watasema baba yake alitia saini fomu, yamekwisha. Fomu ilikuwa ya kuchukua damu. Ya kurudisha habari sikuiona.

Ninachoomba ni karatasi moja ya Kiswahili mradi unapofungwa: wanyama wangapi walipimwa, wangapi walikutwa na vimelea, dawa gani ilitumika na kama ilifaa. Isomwe kwenye mkutano wa kijiji, nakala ipelekwe kwa mwalimu wa biolojia wa shule iliyo jirani. Na kwa kila mnyama, majibu yake wapewe wenyewe, akiwemo aliyemshika. Gharama yake haifiki hata mafuta ya safari moja ya gari lile.

Waliokuja kwetu wanajijua. Mwenyekiti wa kijiji anaijua njia ya nyumbani, na likizo ya Desemba binti atakuwepo.

Mjomba mtu,
Pangani, Tanga