Risala ya Klabu ya Wanafunzi wa Tiba ya Macho kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Wapo waliowahi kuitikia wasionekane. Wewe umefika, tena kabla ya saa.

Klabu ilianza na wanachama 7 na darubini moja. Leo tuko 22, darubini ni ile ile, ila sasa taa yake inawaka. Mafanikio ni mengi: tumewaelimisha wenzetu wasilale na lenzi machoni, na tumeotesha bakteria wa Pseudomonas aeruginosa kwa mikono yetu hadi sahani nzima ikawa kijani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, bakteria hao wakipenya kwenye mchubuko wa konea, kile kioo cha mbele ya jicho, wanaweza kuitoboa ndani ya siku mbili. Mgonjwa hutiwa matone ya antibiotiki kila saa, usiku na mchana, na mara nyingi vidudu hufa. Lakini chembe nyeupe za damu zilizokuja kupigana haziondoki upesi. Huendelea kuila konea, na kidonda kikifunga huacha kovu jeupe. Bakteria kafa, na mtu haoni.

Hapo ndipo zinapoingia peptidi, vipande vifupi vya protini, si kuchukua nafasi ya antibiotiki bali kuisaidia. Jicho lenyewe hutengeneza LL-37, mnyororo wa asidi amino 37 unaotoboa utando wa bakteria. Nyingine, thaimosini beta 4, ilipotiwa pamoja na antibiotiki iitwayo siprofloksasini kwenye macho ya panya ilituliza uvimbe kuliko siprofloksasini peke yake. Hao ni panya. Kwa binadamu kazi bado ipo. Sisi tunapima kwenye sahani jinsi peptidi zinavyodhoofishwa na chumvi kama ya machozi.

Ombi letu ni moja: friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Peptidi zetu zinalala kwenye friji ya ofisi, ambayo mlango wake unafungwa kwa kamba. Friji hiyo hujiyeyusha barafu yenyewe, na kila ikijipasha, vichupa hutoka jasho. Peptidi iliyokwisha kuchanganywa na maji huharibika ikiganda na kuyeyuka mara kwa mara. Muhula uliopita tulirudia jaribio moja mara 4, tukapata majibu 4, tusijue tunapima peptidi au friji.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alisema, kwenye meza hiyo hiyo, kuwa friza itafika ndani ya miezi 3. Tukapiga makofi, tukachanga, tukachimbia soketi ukutani na kuchora kwa chaki sakafuni mahali pa miguu yake. Aliyemfuata alitaka barua. Tuliandika, nakala 3. Hatusemi walisahau, viongozi wana mengi. Tunasema tu kwamba chaki tumeichora upya mara mbili, maana wafagiaji huifuta.

Yapo mahitaji mengine, viti kwa mfano, lakini tukiyataja friza itapotelea humo.

Kwa unyenyekevu mkubwa, Mheshimiwa, tunaomba leo usituahidi. Tutajie tarehe, na jina la mtu wa kumfuatilia. Katibu wetu ana kalamu, na soketi iko chumba cha pili kushoto.

Tunaomba kuwasilisha.