Tumbili hakuzima Kenya

Mhariri, kila stima ikipotea nchi nzima watu wanamkumbuka yule tumbili wa kituo cha kuzalisha stima cha Gitaru wa Juni 2016 na kucheka, na mimi nacheka pia, lakini jamani tumbili hakuzima Kenya. Yeye aliangukia transfoma moja tu, ikajizima, mitambo mingine pale ikabebeshwa mzigo kuzidi uwezo nayo ikajizima, zaidi ya megawati 180 zikaenda, halafu gridi yote ikafuata. Hapo ndo kwenye swali. Hiyo kitu inazuilika: mitambo ya akiba iwe inazunguka tayari, na frikwensi, yaani mapigo ya stima kwa sekunde, ikishuka sana chini ya hezi 50 za kawaida, rilei (swichi zinazojiendesha) zikate mitaa kadhaa zenyewe, ndani ya sekunde, kabla jenereta hazijaanza kujitoa moja moja. Ndiyo, mtaa wangu unaweza kuwa wa kwanza na nitalalamika kama kawaida yangu, ila afadhali sisi tukae giza saa moja kuliko giza la Mombasa mpaka Kisumu. Sasa wahusika watuambie, mitaa gani imepangwa kukatwa kwanza, na hospitali zimo kwenye hiyo listi ama hazimo?

Msomaji wenu, Nakuru