Barua ya wazi kwa mdogo wangu uliyeacha One Piece kwa sababu ya Hachi

Mdogo wangu,

Habari za huko. Nimekutumia voisi nne tangu wiki iliyopita, mbili umesikiliza na mbili hujazigusa, kwahiyo naandika hapa wazi maana najua huwa unapita, na pia naona vijana wengi wa rika lako wana hasira kama yako kuhusu jambo hili hili, nao wakisoma sio mbaya.

Ulinambia umeacha One Piece, ile manga (hadithi ya kuchorwa ya Kijapani) ya kijana Luffy na kundi lake la maharamia. Haijakuchosha, umeifuata tangu form two kwa bando la kuungaunga, umeacha kwa sababu umefika pale Hachi anaporudi, yule mtu-pweza wa mikono sita aliyekuwa kundi moja na Arlong, yule haramia mtu-samaki aliyekitesa kijiji cha Nami, na badala ya kupewa kipigo anamkaangia takoyaki Nami huyo huyo, ambaye sasa yuko kundi la Luffy, na watu wanakula. Ukasema "hii stori haina haki, adui anaachiwaje hivi hivi?" Alafu kimya.

Nimekaa na hilo neno lako siku nyingi. Najua hukuwa unamsema Hachi peke yake.

Mi nimekulia kwenye vibanda umiza, we ulikuwa mdogo bado. Pale sheria ilikuwa moja, steringi hafi na adui mkubwa lazima afe mwishoni, tena afe kwa shida, adondoke ghorofani au alipuke na gari, kibanda kizima kinasimama kupiga makofi. Ile ndo ilikuwa risiti yetu. Bila adui kufa unahisi umetoa hela yako ukarudi nyumbani mikono mitupu. Kwahiyo siku ya kwanza nimekutana na manga ambayo steringi wake hata haui maadui zake nilihisi kama wewe, nimeibiwa.

Eiichiro Oda alianza kuichora hii stori 1997 na wasomaji walimuuliza mapema kabisa kwanini Luffy hawaui anaowashinda. Jibu lake kwa kifupi ni kwamba watu wa dunia ile wameweka maisha yao rehani kwenye ndoto zao, sasa Luffy akimshinda mtu anaivunja ile ndoto, na kwa mtu wa hivyo kuvunjiwa ndoto ni sawa na kufa. Mwanzoni nililiona jibu la kukwepa. Nikarudia Arlong Park, ile sehemu Luffy anapopambana na Arlong, polepole ndo nikaelewa anaongelea nini, na nakuomba na wewe uirudie, ile ile uliyoisoma ukilia, ila safari hii angalia adhabu, usiangalie ngumi.

Kumbuka Arlong alivyofika kijijini kwao Nami. Aliweka bei, mtu mzima beri (hela ya dunia ile) laki moja kwa mwezi, mtoto elfu hamsini, usipolipa unakufa. Bellemere, mama yao wa kuwalea, alikuwa na laki moja tu ndani ya nyumba. Inatosha kichwa chake yeye, au vichwa vya watoto wawili. Na wanakijiji walishaanza kuwaficha wale watoto ionekane hana mtoto, angenyamaza tu angepona, lakini akashindwa kutamka kwamba hana watoto. Akasema hii hela ni ya wanangu. Akapigwa risasi mbele yao. Nami ana miaka 10.

Alafu Arlong, akishagundua kwamba yule mtoto ana kipaji cha kuchora ramani, anamchukua. Anamwahidi akileta beri milioni 100 anakiacha kijiji huru. Miaka 8 yule binti anaiba kwa maharamia wengine na kufukia hela kwenye shamba la machenza la mama yake, na usiku anachora ramani kwenye chumba cha Arlong. Amefikisha milioni 93. Zimebaki saba. Ndo anakuja Nezumi, afisa wa jeshi la wanamaji, mtu wa serikali aliyevaa sare, analipwa na Arlong pembeni, anafukua shamba na kuondoka na zote.

Hapo ndo uliponipigia simu saa sita usiku ukasema "dada, hii ni kikoba."

Ndio mdogo wangu, hata mimi niliona kikoba. Niliona Desemba ile ya 2019, mama mdogo amebakiza wiki moja wavunje, milioni mbili na laki nne alizoweka kwa kuuza maandazi na mkaa, ada yako ya chuo imo humo, na mwenyekiti akawa hapatikani kwenye simu. Ulikaa nyumbani mwaka mzima. Sijasahau.

Sasa Luffy anapopambana na Arlong, kuna wakati wanajikuta kwenye kile chumba cha ramani. Luffy anaona kalamu ina damu, damu ya vidole vya Nami. Pale anaacha kumshughulikia Arlong kwanza, anaanza kubomoa chumba. Meza nje, kabati nje, ramani za miaka 8 zinapeperuka dirishani, na Nami yuko chini anaangalia juu analia. Arlong anachanganyikiwa kuliko alivyochanganyikiwa kwa ngumi yoyote, maana zile ramani ndo ufalme wake wote wa kesho. Kisha jengo zima linamdondokea. Adhabu ya Arlong ni kwamba kile alichomfanyia mtoto wa watu kimefutwa, hakuna tena mahali pa kumkalisha Nami achore. Mi hiyo naiona kali kuliko kifo, kwa sababu kumuua Arlong na kile chumba kikabaki kimesimama pale Nami angekuwa anakiona mpaka anazeeka.

Na Oda hadanganyi kwamba kila mtu analipa. Nezumi anarudi baada ya vita kudai sifa na hazina, anapigwa, Nami anampa fimbo moja safi kwa ajili ya machenza ya mama yake, lakini anaondoka na sare yake na cheo chake, na cha kwanza anachofanya ni kupiga simu makao makuu ili Luffy awekewe dau la kichwa, milioni 30. Ndo tangazo la kwanza la kumtafuta Luffy, limetokana na afisa mla rushwa. Mwandishi angeweza kutufurahisha akamfunga. Hakufanya hivyo, na nilikasirika, ila naamini ndo maana stori haijanitoka.

Turudi kwa Hachi. Unasema ameachiwa. Nani amemwachia? Isome tena ile sehemu, Hachi ametekwa na amefungwa. Wenzake Luffy wakigundua kwamba muuza takoyaki wanayemtafuta ni yule wa Arlong wanagoma kumsaidia, anayesema mfungueni ni Nami mwenyewe. Luffy hakumsamehe kwa niaba yake wala mwandishi hakumlazimisha. Na hata hapo, Hachi akimuuliza takoyaki zikoje, Nami kwanza anamchoma, unadhani hizi zinafuta yaliyopita? Jamaa anahangaika kujieleza, hapana sikumaanisha hivyo. Ndo Nami anamwambia tamu sana. Basi. Hakuna kukumbatiana wala muziki. Anakula kwa sababu zina ladha, na mama yake bado amekufa.

(Hizo takoyaki ukitaka kuzielewa ni kama vitumbua, kikaango chake kina vishimo vile vile, ila ndani kuna kipande cha pweza. Nikijaaliwa kupata pweza Idd hii nitajaribu.)

Hapa ndo natofautisha stori na stori. Kwenye Dragon Ball ya Toriyama, Vegeta aliangamiza kijiji kizima kwenye sayari ya Namek kwa mkono wake mwenyewe, na baadaye anakuwa mtu wa nyumbani, ana mke ana mtoto, nampenda sana Vegeta lakini wale wanakijiji hawapewi nafasi ya kumuuliza chochote. Kwenye Naruto, adui anayeitwa Pain anasambaratisha Konoha, kijiji cha Naruto, anaongea na Naruto, analainika, kisha anatumia uhai wake wote kuwafufua aliowaua pale kijijini. Watu walilia, mi nilihisi deni limefutwa kwa hela ya miujiza. Kilichoniokoa ni Jiraiya, mwalimu wa Naruto, yeye aliuawa kabla na harudi, kwahiyo Naruto angalau anabeba kaburi moja la kweli. Msamaha unaotolewa na mtu ambaye hakuumizwa, au baada ya kila kitu kurudishwa kama kilivyokuwa, huo mimi pia siupendi, hapo tuko pamoja kabisa.

Ila Hachi sio huo. Nenda mbele kidogo, ulipoacha pamebaki padogo sana. Wakifika visiwa vya Sabaody, kwenye mnada wa watu, rafiki yao Camie anauzwa, Luffy anavamia, Hachi anajaribu kumzuia, mikono yake sita inaonekana, watu wa pale wanapiga kelele za kinyaa, na yule Charlos wa ukoo unaojiona miungu anampiga risasi kama anavyoua nzi, kisha anashangilia. Hachi yuko chini anavuja damu na bado anamkumbusha Luffy kwamba aliahidi kutogusa watu hawa hata mtu akipigwa risasi mbele ya macho yake. Na anaomba radhi, anasema alitaka tu kumlipa Nami hata kidogo na ameishia kuwaletea balaa. Luffy anapanda zile ngazi taratibu na kumpiga Charlos ngumi moja ya uso. Kwa ngumi ile anakuja amirali wa jeshi la wanamaji, na kundi zima linatawanywa kila mtu na upande wake. Adui wa chini unaweza kumpiga ukaenda kunywa chai, wa juu ukimgusa unalipa wewe. Na ona aliyepigwa risasi ile ni nani. Ni mtu wa Arlong.

Yule dada aliyekuwa katibu wa kikoba, unayemwita mwizi. Kweli alijua. Alijua tangu Oktoba hela haipo na akaendelea kuandika kwenye daftari kama ipo. Mwenyekiti hatujamwona mpaka leo, katibu ndo karudi mtaani mwaka jana, na ndo alikuja kwenye msiba wa babu na kilo kumi za mchele, ukaondoka mezani bila kumsalimia. Sikulaumu kwa hilo na sitakulaumu. Ninachotaka ujue ni kilichotokea ulipoondoka. Mama mdogo aliupokea mchele, akaupika, na tulipokuwa tunakosha vyombo akanambia "mchele wake mzuri, lakini hela yangu sijaisahau." Mama mdogo hajawahi kushika manga maishani mwake. Na tangu hapo yule dada anakuja kila tarehe tano na elfu ishirini, mama mdogo anaandika kwenye daftari lake mwenyewe, hawaongei sana. Kwa mwendo huo ni miaka kumi. Ni yeye mama mdogo aliyeumia na ni yeye aliyeamua iwe hivyo.

Bado nina jambo moja, na ndo lililonifanya niandike badala ya kusubiri Idd.

Kisiwa cha watu-samaki hujakifikia. Kule kuna Fisher Tiger, mtu aliyekuwa mtumwa, akatoroka, akarudi kwa mikono yake kuwafungua watumwa wengine, samaki kwa binadamu. Anapojeruhiwa vibaya anahitaji damu na damu iliyopo ni ya binadamu, anaikataa. Anakiri kwamba akilini anajua wapo binadamu wema lakini mwili wake hauwezi tena. Hakusamehe mpaka anakufa na mwandishi hamhukumu. Ila anawaomba wenzake kitu kimoja, yaliyotupata msiwasimulie watoto kisiwani. Arlong alikuwepo pale. Hakusikia. Na kwenye mitaa ya watu wenye hasira kama ya Arlong ndo akakulia Hody Jones, ambaye alimuua malkia wa kisiwa chake mwenyewe akamsingizia binadamu. Mwishoni, mtoto wa yule malkia anamuuliza, binadamu walikufanya nini wewe? Hody anajibu, hakuna. Adhabu yake anaijenga mwenyewe, vidonge vya nguvu anavyomeza vinamzeesha, anaishia jela kibabu kisichoweza hata kusimama.

Jumanne niliitwa shuleni kwa mdogo wetu wa mwisho. Amemsukuma mtoto wa yule katibu kwenye ngazi, mtoto kapasuka nyusi, nyuzi tatu. Wana miaka tisa wote. Desemba ile walikuwa hawajaanza hata chekechea. Nilimkalisha nje ya ofisi ya mwalimu nikamuuliza taratibu, huyu mwenzio kakufanya nini? Akaangalia viatu vyake muda mrefu.

"Hamna," akasema. "Ila kaka anasema ni watoto wa wezi."

Mimi hanisikilizi kama anavyokusikiliza wewe. Mpigie leo, saa kumi na mbili anakuwa ametoka madrasa.

Dada yako.