Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Filamu za Kutisha za Bajeti Ndogo

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita mliamua mwaka huu wote tuutumie kutazama filamu za kutisha zilizotengenezwa kwa fedha kidogo. Sababu mliitoa wenyewe: wengi wetu tunataka kutengeneza, na mfuko wetu mnaujua. Tumekutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, isipokuwa Ramadhani. Mahesabu atayasoma mweka hazina. Mimi nitasema juu ya kazi yenyewe.

Tulianza na Night of the Living Dead ya George Romero, iliyotoka Marekani mwaka 1968 kwa gharama ya takriban dola 114,000. Nyumba ya shambani waliyorekodia, huko Pennsylvania, ilikuwa inangoja kubomolewa. Picha ni nyeusi na nyeupe, hivyo damu walitumia sharubati ya chokoleti. Sikumsikia hata mmoja wenu akiilalamikia damu ile. Watu saba wamejifungia ndani, nje wafu wanatembea, na wao kwa wao wanagombana: nani aongoze, wabaki juu au washuke chumba cha chini. Ugomvi ule ndio unaowamaliza, na kuuandika hakukugharimu zaidi ya kalamu na karatasi.

Filamu hiyo hiyo ina somo chungu. Jina lake lilipobadilishwa kabla ya kutoka, tangazo la hakimiliki lililokuwa pamoja na jina la mwanzo liliachwa. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kosa hilo lilitosha kuifanya mali ya umma, yaani isiyo na mwenye haki, na watu wengine wakaiuza miaka na miaka bila kuwalipa walioihangaikia. Nilipolieleza hili ukumbi ulinyamaza, maana tunaye mwenzetu aliyeuza haki zote za filamu yake kwa malipo ya mara moja, kwa mkataba ambao hata nakala hakupewa. Nawasihi, asisaini mtu peke yake. Leteni karatasi tuisome pamoja.

Mwezi ulionifunza zaidi ni ule wa Halloween ya John Carpenter, ya mwaka 1978. Kinyago cha muuaji kilinunuliwa kwa bei isiyofika dola 2, wakakipaka rangi nyeupe. Hadithi ni ya majira ya majani kupukutika, wao wanarekodi California wakati wa machipuko, kwa hiyo walipaka rangi majani, wakayamwaga barabarani, na baada ya kila tukio wakayaokota kwa ajili ya tukio linalofuata. Carpenter amesimulia kwamba kabla ya kuitia muziki alimwonyesha ofisa mmoja wa studio, naye hakuogopa kabisa. Carpenter akaingia kuutunga muziki mwenyewe.

Tulilijaribu jambo hilo. Niliizima sauti kwa dakika kumi. Vijana wa nyuma wakatoa simu, mtu mmoja akaenda kununua maji. Nilipoirudisha, kile kinanda kilipoanza kugonga, mama yetu anayekaa mstari wa mbele aliinua miguu yote miwili kutoka sakafuni akaikunja juu ya benchi, na hakuishusha mpaka mwisho. Picha ilikuwa ile ile.

Sasa nije kwenye filamu yetu fupi, ambayo tuliirekodi kwa usiku mbili nyumbani kwa mwanachama. Karibu fedha yote ilikwenda kwenye kukodi kamera na kumpamba jini. Sauti tuliiachia maiki ya kamera. Matokeo mliyasikia: feni, bodaboda, jogoo wa jirani, na maneno ya mhusika mkuu yamezama humo yote. Jini naye tulimsimamisha kwenye mwanga muda mrefu, kwa kuwa tulishamlipia mapambo, na watoto wakacheka. Uamuzi huo ulikuwa wangu, nilikosea, na nawaomba radhi waigizaji waliojitolea.

Kwa hiyo siwezi tena kukubali kauli kwamba kasoro zetu ni za umaskini. Mwaka 1995, Pemba na Unguja, watu walilala nje makundi kwa makundi wakiwasha moto kwa hofu ya Popobawa, pepo anayesemekana kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala. Hakuna aliyewaonyesha picha. Walisimuliana tu, na giza likafanya yaliyobaki. Mussa Banzi naye, mwongozaji wetu wa Tanzania, alipotoa filamu za Nsyuka na Shumileta katika miaka ya 2000, alichota kwenye imani za huku huku kwetu. Hazina hiyo bado tunayo, nasi tunahangaika kuiga misitu ya Marekani na kamera zinazotikisika.

Kasoro moja inaniuma kuliko zote, na aliyeifichua ni mama huyo huyo wa mstari wa mbele. Kati ya miswada iliyoletwa kwenye kamati, mingi ina mchawi, na mchawi karibu kila mara ni bibi kizee mwenye macho mekundu. Alituuliza kama tunajua macho hayo yanatoka wapi. Yanatoka kwenye moshi wa jikoni, wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Huko Shinyanga na Mwanza wanawake wazee wameuawa kwa panga kwa sababu ya macho hayo. Mwandishi anayemchukua bibi huyo kwa sababu ni rahisi, anaokoa muda wake na kuongeza hatari kwenye mlango wa mtu. Kamati imekubali kutopokea tena muswada wa namna hiyo, nami naomba mkutano huu uuthibitishe uamuzi huo kwa kura.

Ombi langu la pili linahusu fedha. Mwaka ujao tusikodi kamera yoyote, simu za wanachama zinatosha. Fedha iliyopo tununue maiki nzuri na kinasa sauti, vitunzwe na katibu, na kila kikundi kiazime kwa zamu. Ada ambazo hazijalipwa zikikusanywa kabla ya mkutano wa mwezi ujao, tunaweza kuvinunua vyote viwili kwa pamoja. Wanaotaka kujifunza kurekodi sauti waandike majina kwa katibu leo, kabla hatujaanza uchaguzi.