Kwa yule dada wa benchi pale Chake

Asalam alaykum jamani. Jina lake sikumuuliza, ndo ujinga wangu huo, ila ni dada mmoja wa mtandio wa kijani tulokaa nae benchi moja Chake Chake, huku Pemba, mwezi wa Shaabani, miye na mwanangu hasikii vizuri na skuli washantwambia mrudishe nyumbani kwanza, akikua tutaona, nimelia njia nzima ndani ya gari. Akaniuliza tu, kuna nini mdogo wangu? Nkamwaga yote. Basi akachukua bahasha yangu ya kaki akaandika kwa nyuma: cheti cha kuzaliwa, barua ya sheha (kiongozi wa mtaa), vipimo vya masikio, halafu kaulizie watu wa elimu mjumuisho, ile ya wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao, na usende kuomba, enda kudai, mana Tanzania imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tokea 2009 na kifungu cha 24 ndo cha elimu. Miye hata skujua kama kuna kitu kama hicho! Akanfunza na cha kumwambia mwalimu, kwamba mtoto akae mbele, na mwalimu akisema asiuelekee ubao, awaangalie watoto, mana huyu wangu anasoma midomo. Hilo la ubao limetusaidia kuliko makaratasi yote, wallahi.

Sasa yuko darasa la pili, anaandika jina lake, herufi ya S bado anaigeuza lakini haidhuru. Dada, Mwenyezi Mungu akulipe kheri wewe na wanao. Kalamu yako nliondoka nayo, ipo, ile ya bluu, kifuniko mwanangu keshakitafuna.